Risasi zilizolowa Manza, 1915: ganda, baruti, fataki na kazi iliyofanyika Moshi

Kasiba_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye ule mjadala wa Vita Kuu ya Kwanza mtu mmoja alisema Wajerumani walidumu miaka minne huku kwetu kwa sababu ya ujanja wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao. Ujanja sikatai. Ila nusu ya ujanja wenyewe ilikuwa hesabu ya risasi, na kuna kipande cha hesabu hiyo ambacho sijaona kikijadiliwa humu: mwaka 1915, pale Moshi, askari na raia walikalishwa miezi kadhaa wakifungua risasi moja moja, wakazisafisha na kuziunga upya. Nitaenda taratibu, kwa sababu mtu asipoijua risasi yenyewe kisa hiki hakimwingii.

Tukubaliane majina kwanza. Mtaani "risasi" ni kila kitu, kuanzia kile kinachowekwa kwenye bunduki hadi kile kinachotolewa na daktari. Kwenye uzi huu, risasi ni kitu kizima, na kina vipande vinne. Kuna kichwa, yaani kile kinachoruka. Kuna ganda, la shaba nyeupe, linaloshika kila kitu pamoja na kubaki nyuma baada ya kupiga. Ndani ya ganda kuna baruti. Na kwenye kitako cha ganda kuna fataki, kikombe kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa na pini. Wazee wa magobole fataki wanaifahamu vizuri, ni ileile, tofauti ni kwamba hapa imepachikwa kwenye ganda.

Baruti nazo zilikuwa za aina mbili vitani humo, na hapo ndipo penye kisa. Baruti nyeusi ya kale ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Sehemu kubwa yake haigeuki gesi ikiwaka, hubaki moshi mzito na masizi. Baruti isiyo na moshi, iliyoingia majeshini kuanzia Wafaransa mwaka 1886, imetengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki. Karibu yote hugeuka gesi, inasukuma kwa nguvu zaidi, na haimwanikii adui mahali ulipo.

Sasa angalia bunduki. Vita inaanza Agosti 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani bado yana Mauser ya 1871, milimita 11, ya baruti nyeusi. Kichwa chake ni gramu 25 za risasi tupu (madini), kinatoka mdomoni kwa mita 440 hivi kwa sekunde. Mauser ya 1898 inapiga kichwa kilichochongoka cha gramu 10, chembamba, milimita 8 na ushei, kwa mita 880 hivi kwa sekunde. Uzito umepungua zaidi ya nusu, mwendo umezidi mara mbili, na nguvu ni jouli 3,800 dhidi ya 2,400, kwa sababu kwenye nishati mwendo huhesabiwa mara mbili na uzito mara moja.

Naendelea. Acheni nile kwanza.

---

Nyamwezi_Msomi

Nimeweka kambi hapa.

---

Dada_Fizikia

Mkuu, kabla hujaendelea, waeleze watu hizo mita kwa sekunde zina maana gani kwa mpigaji. Kichwa kikishatoka kwenye kasiba, yaani mtutu, kinaanza kuanguka hapohapo, kama jiwe lolote, haijalishi kina kasi gani. Tofauti ni muda kitakaokaa hewani. Mita 200, kile cha 98 kinafika ndani ya robo sekunde na kimeshuka sentimita 30 hivi. Kile cha 71 kinachukua nusu sekunde na kimeshuka zaidi ya mita moja. Maana yake, mwenye 71 akikosea kukadiria umbali kidogo tu, anapiga miguu au anapiga matawi. Mwenye 98 analenga kifua na kuachia.

Na kichwa kinene chenye pua butu kinabanwa na hewa kuliko kilichochongoka, kwa hiyo mwendo unazidi kumomonyoka njiani. Hayo ya kichwa kikiwa hewani ni tawi la elimu ya mirusho (balistiki) linaloitwa la nje. La ndani ni yale yanayotokea kwenye kasiba, tangu fataki igongwe mpaka kichwa kitoke mdomoni. La mwisho ni yanayotokea kikifika, na hilo leo tuliache.

---

Kasiba_Kavu

Asante dada, umenipunguzia kazi. Kwa kisa hiki tawi la ndani ndilo litakalotusumbua.

Tanga, Novemba 3 hadi 5, 1914. Waingereza wanashusha jeshi kutoka India, watu kama 8,000. Lettow ana kama 1,000. Sehemu ya askari wake wana 71, na kila wakipiga wingu linapanda juu ya kichaka. Adui haoni mtu, anaona wingu, analipiga wingu. Pamoja na hayo Waingereza walipanda meli wakaondoka, wakaacha bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu, bombom (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000. Hapo jeshi la Kijerumani lilipata ghala kwa hisani ya adui.

Halafu ikaja Jasini, Januari 18 na 19, 1915, kule mpakani karibu na Vanga. Wajerumani walishinda tena, lakini walipiga risasi 200,000 kwa siku mbili. Lettow akapiga hesabu akaona kwa akiba aliyonayo anaweza kupigana mapambano mengine matatu tu ya namna ile. Manowari za Waingereza zimefunga pwani, hakuna kinachoingia. Ndipo akaacha vita vya uso kwa uso, akageukia kuvizia reli ya Uganda, ile ya Waingereza, kwa vikundi vidogo. Watu wanaandika kana kwamba aliupenda msitu. Mimi naona alilazimishwa na ghala.

---

Mla_Mbivu

Tanga si walishinda kwa nyuki? Shuleni ndivyo tulivyofundishwa.

---

Kasiba_Kavu

Nyuki walikuwepo na waliuma pande zote mbili, Mkuu. Habari ya nyuki ilipendwa sana Uingereza kwa sababu inafuta aibu. Turudi kwenye risasi.

Aprili 1915. Kuna meli inaitwa Rubens, ya Kiingereza, iliyokamatwa Hamburg vita ilipoanza. Wajerumani waliipaka sura ya meli ya Denmark, wakaiita Kronborg, wakampa nahodha Carl Christiansen. Ilitoka Ujerumani Februari, ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, shabaha yake ikiwa kuiletea makaa manowari Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji, na kuliletea silaha jeshi la nchi kavu. Ilipokaribia Tanga, manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaiona. Christiansen akakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, akaizamisha kwenye maji mafupi. Hyacinth ikaimiminia makombora, ikawaka moto sitahani, Waingereza wakaona kazi imekwisha wakaondoka.

Haikwisha. Shehena ilikuwa chini ya maji, si chini ya moto. Wakaanza kupiga mbizi na kutoa mizigo: bunduki za 98 zipatazo 1,800, risasi zaidi ya milioni nne, makombora, vifaa. Fikiria sura ya Lettow. Miezi mitatu nyuma anahesabu mapambano matatu, leo ana milioni nne.

Tatizo ni kwamba zote zimelala kwenye maji ya chumvi.

---

Nyamwezi_Msomi

Si zianikwe tu?

---

Fundi_Mitambo_Arusha

Hapa niruhusuni, Kasiba, nimeshughulika na metali maisha yangu yote.

Kuanika kunakausha nje. Ndani ni hadithi nyingine. Risasi inaonekana imefungwa kabisa, lakini ina milango miwili: shingoni, pale ganda linapobana kichwa, na kitakoni, pale fataki inapokaa. Kiwandani hupakwa laki kuzuia unyevu wa kawaida wa ghala. Kukaa baharini majuma kadhaa, maji yakisukuma kutoka nje, ni jambo jingine.

Yakishaingia, kila kipande kinaumia kwa namna yake. Baruti isiyo na moshi haiyeyuki majini, kwa hiyo ina nafasi ya kupona, tofauti na baruti nyeusi ambayo shura yake ingeyeyuka na kubaki tope la mkaa. Hiyo ndiyo bahati ya Manza. Lakini fataki za zama hizo zilikuwa na mchanganyiko wenye zebaki na chumvi ya klorati, na mchanganyiko huo ukilowa unapoteza ukali. Mwingine hauwaki kabisa. Mwingine unawaka kivivu, mpigaji anasikia "tik", anadhani imekufa, kisha sekunde baadaye inalipuka. Hiyo ni hatari kuliko ile iliyokufa, maana mtu anaweza kuwa ameshafungua bunduki.

Na shaba. Chumvi inakula shaba nyeupe kuanzia pale ilipokunjwa au kubanwa, yaani shingoni. Ganda linaweza kupasuka likiwa limekaa tu.

Halafu fataki za Wajerumani zilikuwa za mtindo wa Berdan, ambapo kichuguu kinachogongewa ni sehemu ya ganda lenyewe, na moto hupitia vitundu viwili vya pembeni. Mtindo wa Boxer una kitundu kimoja katikati na kichuguu kiko ndani ya fataki. Kwenye Boxer fataki iliyokufa unaisukuma kutokea ndani, inatoka. Kwenye Berdan huwezi, lazima ung'oe kwa nje bila kuharibu kiota chake. Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Marekani ndiyo iliyoshika ya Boxer na Ulaya ikashika ya Berdan. Sasa zidisha usumbufu huo mara mamilioni.

---

Kasiba_Kavu

Fundi, ubarikiwe. Umeeleza kwa nini kazi ilichukua miezi.

Shehena ikasombwa, na kazi ikafanyika Moshi Mpya, mwisho wa reli ya Usambara iliyotoka Tanga. Lettow mwenyewe anaeleza katika kumbukumbu alizoandika baada ya vita. Mwanzoni walitegemea risasi zitafaa, kisha wakaona zisizolipuka zinaongezeka kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu uharibifu ulikuwa unaendelea ndani kwa ndani. Haikubaki njia ila kuzifungua zote, kusafisha baruti, na kubadilisha sehemu ya fataki. Bahati nzuri fataki zilikuwepo kwenye koloni, ingawa nyingine hazikuwa za muundo uleule. Askari na watu wengine wote waliopatikana wakawekwa kwenye kazi hiyo, asubuhi hadi jioni, kwa miezi.

Kisha zikapangwa kwa madaraja. Risasi nzima za zamani, zile ambazo hazikuonja bahari, zikatengwa kwa ajili ya bombom peke yake. Katika zile zilizoungwa upya, mafungu ambayo karibu asilimia 20 yalikataa kulipuka yakawekwa kwa ajili ya vita. Yaliyozidi hapo yakapelekwa kwenye mazoezi ya shabaha.

Soma tena. Asilimia 20 ndilo lilikuwa daraja zuri.

---

Mla_Mbivu

Hapana, hii siamini. Nani anaenda vitani na risasi ambayo moja katika tano haitoki? Bora upinde.

---

Dada_Fizikia

Mla_Mbivu, tufanye hesabu, ni tamu.

Mauser 98 inachukua risasi tano kwa kibanio kimoja. Kila moja ina nafasi ya 0.8 ya kulipuka. Zote tano zilipuke: 0.8 mara yenyewe mara tano, unapata 0.33. Kwa hiyo katika vibanio vitatu, kimoja tu ndicho kinapita bila hitilafu. Inaudhi, ila bunduki yenyewe haijali. Komeo lake linavutwa kwa mkono. Risasi ikikataa, askari anavuta, mbovu inaruka nje, nyingine inaingia. Amepoteza sekunde mbili.

Bombom ya Maxim haivutwi na mtu. Inajilisha kwa teke la risasi iliyotangulia: mlipuko unasukuma kasiba nyuma, mwendo huo unatoa ganda, unavuta mkanda, unapachika inayofuata. Risasi isipolipuka hakuna teke, na mtambo unasimama mpaka mtu auvute kwa mkono. Kwa ubovu wa moja katika tano, kwa wastani ungepiga nne ukakwama. Mkanda una risasi 250. Kwa hiyo yule aliyeamua nzima ziende kwa bombom alikuwa anajua anachofanya.

---

Mla_Mbivu

Sawa dada, nimekaa chini.

---

Chifu_wa_Mtandao

Mji unaitwa Moshi na ndiko zilikofufuliwa risasi zisizo na moshi. Naondoka.

---

Kijana_Mwindaji

Wakuu uzi mtamu. Swali la vitendo: mimi nina leseni ya bunduki ya kuwindia, risasi bei imepanda mno. Maganda ninayo mfuko mzima. Je, naweza kuyajaza upya nyumbani? Nipeni vipimo vya baruti.

---

Kasiba_Kavu

Vipimo huvipati kwenye uzi huu, kijana. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kutengeneza risasi kunahitaji kibali chake. Leseni ya kumiliki bunduki haikifuniki kitendo hicho. Anza kwa mamlaka iliyokupa leseni.

---

Fundi_Mitambo_Arusha

Naongeza upande wa chuma. Shinikizo ndani ya kasiba haliongezeki sawa kwa sawa na baruti. Unaongeza kidogo, linaruka sana. Na risasi iliyotiwa kidogo mno nayo ina balaa lake: kichwa kinakwama katikati ya kasiba, mpigaji hajui, anapachika nyingine, inagonga kile kilichokwama, kasiba inavimba au inapasuka usoni. Kwa wale wa Moshi, sina shaka visa vya namna hiyo vilikuwa vinawanyemelea.

---

Binti_Taveta

Shikamooni wakubwa. Mimi niko upande wa Kenya. Kinachonigusa ni hao watu wenyewe. Lettow anasema "askari na watu wengine waliopatikana". Majina hayapo?

---

Kasiba_Kavu

Marahaba. Kwenye maandishi yake hayapo. Anataja maofisa kwa majina na vyeo. Waliokaa na risasi milioni nne mikononi ni "watu". Nami nadhani neno "waliopatikana" linaficha mengi, kwani jeshi lile liliwapata wapagazi wake kwa kamba shingoni mara nyingi tu. Kazi yenyewe haikuwa ya kubeba mzigo. Mtu anashika kitu chenye fataki iliyooza nusu, ambayo inaweza kuwaka ikikwaruzwa, mchana kutwa, na vumbi la zebaki linabaki vidoleni. Angalau angetaja wangapi waliumia. Hakutaja.

---

Nyamwezi_Msomi

Mwisho wake ulikuwaje? Hizo milioni nne ziliisha?

---

Kasiba_Kavu

Ziliisha. Oktoba 1917 kule Mahiwa, Lindi, kulipiganwa siku nne, pambano la umwagaji damu kupita yote ya vita ile kwa upande wetu, na akiba ya risasi zisizo na moshi ikabaki kidogo sana. Mwezi uliofuata Lettow akavuka Ruvuma. Novemba 25, 1917, akaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano na kupata bunduki na risasi robo milioni. Bunduki hizo zilikuwa za milimita 6.5, hazikubaliani na risasi za Kijerumani kwa lolote, kwa hiyo ilibidi kubadilisha bunduki zenyewe. Kuanzia hapo jeshi liliishi kwa ghala la adui.

Aliposalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, Novemba 25, 1918, zilihesabiwa bunduki 1,071 na risasi 208,000. Bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Mauser za Manza hazikuwemo.

---

Binti_Taveta

Huku kwetu karibu na kilima cha Salaita watoto huokota maganda shambani. Nitajuaje ni ya nani?

---

Kasiba_Kavu

Salaita ilipiganwa Februari 12, 1916, kwa hiyo hushangai. Tazama kitako, usitazame rangi, maana yote yameshaota kijani. Ganda lenye ukingo uliotokeza nje kama sahani, na mdomo mwembamba kiasi cha milimita 7.7, ni la Waingereza. Ukingo uliotokeza na mdomo mpana wa milimita 11 ni 71 ya baruti nyeusi. Kitako kisicho na ukingo, chenye mfereji umezunguka juu yake, ni Mauser 98. Yale ya Kijerumani huwa yamepigwa chapa ya kiwanda na mwaka kitakoni. Ukisafisha taratibu kwa maji na kitambaa utaona.

Ila hayo ni maganda matupu. Ukiona bado lina kichwa mdomoni, usilisafishe, usiligonge, usiwaachie watoto. Wekeni alama mahali lilipo na mwaite polisi. Baruti ya mwaka 1916 huenda imekufa, fataki sitaki kuihukumu kwa macho.

---

Binti_Taveta

Asante. Hili la mfereji bila ukingo tunalo mengi, upande wa juu wa kilima.

---

Kasiba_Kavu

Wajerumani walichimba mahandaki kilimani hapo. Angalia mwaka kitakoni, dada. Kisha piga picha uweke hapa.